Makeni wa Kisima cha Pili

Makeni alikuwa amesimama kwa mguu mmoja tangu Nakiete ana meno ya utotoni, na chungu cha makande alichotwikwa kichwani kilikuwa bado kinafuka mvuke.

Nakiete alimwona kutoka mbali, akamalizia kushuka ngazi taratibu, mkono mmoja ukutani. Alikuwa ameshapita kote ambako kila mpenzi wa Lumbeja, ile nchi ya hadithi, anakujua: soko la vivuli, ambako kila kivuli kina jina lake na hudai sehemu yake ya chakula, mto unaopanda mlima ukiusalimia vizuri, ghala ambamo mwezi hufichwa wakati wa masika. Chini ya ghala hilo, nyuma ya jiwe la kusagia, ndipo palipokuwa na ngazi ambayo watu waliitafuta mpaka wengine wakasema haipo. Sasa alikuwa ameishuka mwenyewe, akinyata kama mtoto aliyeingia jikoni kwa watu.

"Karibu," alisema yule mwanamke, macho mbele, maana mwenye chungu kichwani hageuzi shingo ovyo. "Unisamehe sikupokei. Unaniona nilivyo."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingawa kwa kukutazama, wewe ndiye uliyenizidi umri."

Ni kweli alikuwa amemzidi. Makeni alikuwa mama kijana wa mtoto mmoja, kanga imefungwa kiunoni kwa fundo la haraka. Nakiete alikuwa na mvi na goti linalolalamika kwenye baridi. Lakini huyu ndiye Makeni, mama yake Mzuanda, aliyekwenda Kisima cha Pili akamwachia bintiye kaa la moto ndani ya kibuyu. Safari yote ya Mzuanda ilianzia hapo. Kupigana kwake na Mlima Unaomeza Njia, kupata kwake ndugu asiokuwa nao, yote alikuwa akimtafuta mama. Watoto wa Tanga, wa Kigali, wa Maskati walilala wakijiuliza mama huyo yuko wapi. Naye alikuwa hapa, mguu wa kushoto chini, wa kulia hewani, unyayo umebakiza kidogo sana kugusa kizingiti cha kisima.

"Unaumia?" Nakiete aliuliza.

"Hapana. Mguu umekufa ganzi, basi. Shingo imezoea. Nasikiliza maji. Na huku ukutani nasikia hatua za mwanangu akipita huko juu, nazijua kwa vile anavyoburuta kisigino." Akaisawazisha shingo. "Ila kutokujua kunachosha. Umekuja kusema lile neno?"

Neno lenyewe lilikuwa fupi, lakini ukitaka kulielewa lazima urudi kwenye taa.

Mwaka ule Nakiete alipoanza shule, zililetwa taa za bure kule milimani Upareni. Taa sikivu, ndivyo zilivyoitwa. Mchana zilianikwa juani zikala mwanga, na jioni zikiwashwa zilisikiliza yanayosemwa chini yake na kuyatunza, ili lugha za milimani zisipotee. Katika nyumba nyingine taa ilisikia magomvi ya mipaka ya shamba. Kwa Bibi Nanzia ilisikia Lumbeja. Bibi alihadithia huku akichambua maharage, na kila alipofika mwisho wa kipande alisema, "Nipo njiani." Nakiete, mjukuu pekee aliyelelewa pale, alijibu, "Twende." Asipojibu, Bibi hakuendelea. Ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile, kwamba hadithi haimbebi mtu kwa nguvu.

Baadaye mafundi waliyakusanya maneno ya taa zote wakayatia kwenye mtambo, na mtambo ukaotesha nchi. Ukikaa kwenye kigoda chake na kujifunga utepe kichwani, unaingia na kutembea humo kwa miguu yako. Mtambo ulijifunza sheria moja kutoka kwa ile taa: kilichosemwa kikaitikiwa kimesimama, hakibadiliki tena kwa yeyote. Ambacho hakijasemwa, mtambo unakifuma wenyewe, lakini pale tu mtu anapofika mahali penyewe na kuitikia. Na kwenye matabaka ya chini kabisa, yale ya Bibi mwenyewe, ulikubali sauti moja tu. Sauti ya mtoto yule aliyekuwa akijibu.

Ndiyo maana Nakiete alikuwa muulizaji. Kazi yake ilikuwa kushuka, kufika, na kusema Twende. Hivyo ndivyo watu walivyojua vivuli vilipata wapi majina, na kwa nini mwezi unaogopa mvua. Aliipenda kazi hiyo kuliko usingizi. Na usingizi ndio ulioleta jambo hili, maana kipande cha Makeni hakuwahi kukiitikia. Alikuwa amelala.

Sasa, mbele ya Makeni, neno hilo lilikuwa ulimini mwake.

"Nikilisema," aliuliza, "unajua utakwenda wapi?"

"Sijui. Wewe je?"

"Sijui."

"Basi kaulize kwanza," Makeni alisema. "Mimi siendi popote." Akacheka, na makande yakacheza chunguni.

Nakiete alijaribu kukitua kile chungu. Alikishika kwa mikono yote miwili akavuta. Alikuwa kama anavuta jiwe la mlimani.

*

Bwana Senzota, msimamizi wa waulizaji, hakuwa mtu mbaya. Aliipenda Lumbeja hata kivuli chake mwenyewe alikipa jina, na watu walishamsikia akikikaribisha chakula. Alipoambiwa Makeni ameonekana, aliinuka kitini, akakaa, akainuka tena.

"Jumamosi ni mkutano wa wapenzi wa Lumbeja," alisema. "Ukumbi umejaa, na wengine watafuatia majumbani. Tumewaahidi Kisima cha Pili. Umeshaitikia?"

"Bado."

"Unangoja nini, dada yangu?"

"Mtambo ukifuma mwisho wake, utautoa wapi?"

"Utafuma kutokana na hadithi zote unazozijua. Za taa zote, za milima yote."

"Na kwenye hadithi zote hizo, mama anayekwenda kisimani peke yake huwa anafika wapi?"

Bwana Senzota alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, kazi ambayo haikuhitaji muda mrefu vile. "Wengi hufa," alikubali. "Ndipo watoto wanapata safari."

"Basi mimi nitamuua kwa neno moja, na hatafufuka kwa mtu yeyote tena."

"Nakiete, ni maneno yale. Ni mwanga na maneno."

"Ameniomba radhi kwa kushindwa kunipokea."

Bwana Senzota aliirudisha miwani usoni. Halafu akasema kwa upole, na upole wake ndio uliomtisha Nakiete: "Sauti yako tunayo. Ile ya utotoni, safi kabisa, imo kwenye taa. Usipoitikia wewe, Jumamosi asubuhi nitaicheza hiyo. Watu wamemngoja huyu mama maisha yao yote. Siwezi kuwaambia tumemkuta, tumemwacha mlangoni."

*

Bibi Nanzia alikuwa kwenye mfereji, akiosha tangawizi. Ilikuwa zamu yake ya maji. Juu ya bonde, lile bwawa dogo la mawe wanaloliita ndiva lilikuwa limefunguliwa, na maji yalikuja yakicheka kati ya migomba. Kereng'ende wa ushirika, vile vyombo vya kuruka vyenye mabawa manne, walikuwa wakinyanyua magunia na kuyapeleka barabarani. Kimoja kilining'inia karibu mno na kilemba cha Bibi, naye akakifukuza kwa kitambaa kama anafukuza kuku.

"Mke mwenzangu," alisema alipomwona mjukuu wake akiteremka na begi mgongoni. "Umekonda. Babu yako angekuona hivyo, angenirudia mimi."

"Babu alikwenda zake, Bibi, na bado tunamgombea?"

"Kwani umenisikia nikimwachia? Kaa. Shika kisu, kwangua hizi."

Nakiete alikwangua tangawizi mbili tatu kabla hajasema. Kwa Bibi mtu hakuanza na jambo, alianza na kazi.

"Bibi, Makeni ulitaka aende wapi?"

"Makeni yupi?"

"Mama yake Mzuanda. Pale kisimani."

"Ah, yule." Bibi alisuuza kipande, akakitazama, akakisuuza tena. "Nilikuwa namuua. Kulikuwa na nyoka wa kisimani, amumeze. Bibi yangu naye alikuwa hivyo hivyo, hakuna mama aliyevuka robo ya hadithi. Nikamfikisha kwenye kizingiti, nikasema, nipo njiani. Nikangoja. Kimya. Nikakutazama, umelala, mdomo wazi, umeshika pindo la kanga yangu. Nikasema, basi, huyu leo hafi. Kesho yake nikaanzia kwingine."

"Kwa hiyo kulala kwangu..."

"Kulala kwako kulikuwa jibu. Mtoto akilala amejibu, anasema hapo hapo panatosha. Kwani wewe ulifikiri ni nini?"

Nakiete aliweka kisu chini. Hakuna fundi hata mmoja aliyelijua hilo. Kwa mtambo, ukimya ulikuwa pengo linalongoja kujazwa. Katika nyumba ya Bibi, ukimya ulikuwa neno.

Akamweleza yote: mguu hewani, hatua za Mzuanda ukutani, Jumamosi ya Bwana Senzota. Bibi alisikiliza huku mikono ikiendelea na kazi.

"Basi mwokoe," Nakiete alisema. "Hadithia kipande kingine, mimi nitaitikia. Sema nyoka alihama."

"Mchana huu? Ng'ombe wapotee njiani?"

"Bibi, huna ng'ombe."

"Na wa jirani je? Watu wanahadithia mchana halafu wanashangaa mifugo hairudi." Kisha sauti ikashuka, ikawa ile ya taa. "Hata usiku nisingesema. Nimempeleka kisimani bila kumwuliza, sasa nimtoe bila kumwuliza? Tena akirudi nyumbani, Mzuanda atakuwa alimtafuta nani? Wewe mwenyewe uliitikia kwamba mama hakurudi mpaka binti akawa mtu mzima. Safari yote ya yule mtoto itaanguka kama ukuta uliotolewa jiwe la chini."

Nakiete akaokota kisu, akakwangua nyingine. Maji yalianza kupungua. Zamu ilikuwa inaisha.

"Na yale makande nadhani yameshaoza," Bibi alisema.

"Yana moto bado. Nilijaribu kumtua chungu, kimekataa."

Mikono ya Bibi ikasimama kwa mara ya kwanza. "Mpaka leo anacho kichwani? Kile nilichomtwika mimi?"

"Wewe?"

"Si kulikuwa na bibi mmoja kule ukingoni mwa mto, anayewatwika watu mizigo? Yule nilikuwa mimi. Kila hadithi nilikuwa najiweka mahali, ili nione vizuri." Akajipangusa mikono kwenye kanga, akasimama kwa kushikilia bega la mjukuu. "Mtu nimemtwika mzigo, kisha nikaenda zangu kulala, na hakuna aliyeniambia. Nipe hicho kigoda chako."

Nakiete alikuwa amebeba viwili begini, cha pili cha Bibi, bila matumaini. Miaka yote Bibi alikuwa amekikataa. Alisema haingii kama mgeni kwenye nyumba aliyoijenga.

*

Kwanza Bibi alilalamika utepe unawasha. Kisha alilalamika mto ni mwembamba kuliko alivyousema. Lakini aliusalimia, na mto ukapanda mlima kwa furaha ukimwaga povu pembeni. Sokoni, kivuli chake mwenyewe kilimnyooshea mkono kikidai chakula.

"Hata mimi?" Bibi aliuliza.

"Wewe ndiye uliyeanzisha," Nakiete alisema.

Bibi akapekua pindo la kanga, akakuta kipande cha tangawizi, akakipa kivuli. Kikatafuna, kikakunja uso. Bibi akacheka mpaka akashika kiuno, na alipokuwa akishuka ngazi nyuma ya jiwe la kusagia bado alikuwa anacheka kidogo kidogo, na hatua zake zilikuwa nyepesi kuliko za kule mferejini.

Makeni alizisikia. "Hizo si za yule wa jana peke yake," alisema.

"Hodi hapa," Bibi alisema.

"Karibu, mama. Sauti hiyo naijua."

"Na mikono je?" Bibi akasogea akaiweka ile mikono yenye harufu ya tangawizi kwenye kingo za chungu. Makeni alifumba macho.

"Ni wewe wa ukingoni."

"Ndimi. Hebu subiri, usinihadithie wala nisikuhadithie. Tunaongea tu. Unashikaje ngata? Imekaa upande. Nakiete, wewe zunguka huku. Tukimtua ghafla tutamvunja shingo."

Mtambo ulikaa kimya. Ulijua hadithi, ulijua wito na jibu lake. Lakini maongezi ya mchana taa haikuwahi kuyasikia hata siku moja, maana mchana ilikuwa nje juani ikila mwanga. Kwa mtambo, hiki hakikuwa kisa cha kusimamisha wala cha kungoja. Walikuwa wanawake wanaoshusha chungu.

Kikashuka. Bibi alikipokea kama anampokea mtoto, Nakiete akakishika chini, wakakitua kwenye mawe. Makeni akabaki na kichwa kitupu, na kwa kuwa hakikuwa na cha kushikilia, mwili wake ukayumba, na mguu wa kulia ukashuka chini.

Haukutua kwenye kizingiti. Ulitua kando yake.

"Ah," Makeni alisema. "Ah, mama yangu. Sindano." Akaanza kuupigapiga chini, akicheka na kulia pamoja, kama mtu yeyote ambaye mguu wake umekufa ganzi.

Walimwacha mpaka ukapata damu. Ndipo Bibi akauliza, "Sasa. Unataka nini?"

Makeni aliwatazama mmoja mmoja. Ilionekana swali lenyewe ni geni kwake, anakitazama kila kipande chake kabla ya kukigusa.

"Kukaa," alisema.

"Kaa."

Akakaa, mgongo kwenye ukuta wa kisima, miguu mbele.

"Nyumbani hutaki?" Nakiete aliuliza. "Mwanao anakutafuta."

"Namsikia. Mwanzoni alikuwa anakimbia, analia. Sasa anatembea na watu, tena anawafundisha wimbo. Nikienda kumlaki leo, nitamkatiza." Aliweka sikio ukutani, akatabasamu. "Acha anitafute. Nami sitajificha. Nitapika, na siku akiwa tayari atasikia harufu."

"Na nyoka?" Nakiete alimgeukia Bibi kwa sauti ya chini.

Bibi alichungulia kisimani. Ndani ya maji kulikuwa na macho mawili, na nyuma ya macho hakukuwa na kitu kingine.

"Sikufika kumsema mwili," alisema. "Maskini, amekaa macho matupu muda wote huo."

Makeni akachota upawa wa makande akammiminia majini. Macho yakafumba polepole, kama ya paka aliyeshiba.

Kisha wakala wao. Yalikuwa makande mazuri, maharage yameiva mpaka ndani, ila hayakuwa na chumvi hata chembe.

"Nilisahau kuitaja," Bibi alisema.

"Nilijua tu," Makeni alisema. "Kesho niletee."

*

Ijumaa Nakiete alimwambia Bwana Senzota, "Nimerudi kule. Nimekula." Zaidi ya hapo hakusema, na Bwana Senzota, ambaye alikuwa ameshawaahidi watu, alisikitika na kuandaa ile sauti.

Jumamosi asubuhi ukumbi mzima ulikaa kwenye vigoda, wakajifunga tepe zao, wakashuka pamoja: wazee waliokua na Mzuanda, akina mama na watoto wao, vivuli vyao vikiwafuata kwa kusukumana. Nakiete alikaa nyuma kabisa, amemshika Bibi mkono. Bibi alikuwa na kifurushi cha chumvi kwenye pindo la kanga.

Chini, mbele ya Kisima cha Pili, sauti ya mtoto mdogo wa zamani ikasikika, safi, yenye usingizi pembeni:

"Twende."

Mtambo ukatafuta mguu uliokuwa unangoja. Ukatafuta chungu, ukatafuta kizingiti chenye mtu juu yake. Haukupata cha kusukuma. Ulichopata ni mwanamke amekaa chini na upawa mkononi, sufuria mbili za nyongeza pembeni yake, akiinua uso kuangalia ni nani huyo anayemwita.

"Twende wapi, mwanangu?" Makeni alisema. "Mimi nimekaa. Njooni nyinyi."

Kulikuwa na ukimya, ule ukimya ambao katika nyumba moja ya milimani ulihesabika kuwa jibu. Halafu mtu mmoja akacheka, na kicheko kikapanda ngazi kama ule mto. Vivuli ndivyo vilivyotangulia kupanga foleni. Bwana Senzota alisimama katikati ya watu, mikono kichwani, na wa kwanza kumpa sahani alikuwa kivuli chake mwenyewe.

Bibi alimkabidhi Makeni chumvi. Na kwenye ukuta wa kisima, Nakiete alipoweka sikio, hatua zenye kisigino kinachoburutwa zilipita, zikafika mbele kidogo, zikasimama, kama za mtu aliyenusa kitu anachokijua.